Chanjo ya malaria: asilimia 75 ya nini?

Tangu Shirika la Afya Duniani, WHO, lipendekeze chanjo ya R21 tarehe 2 Oktoba 2023, mazungumzo ya chanjo ya malaria yamegeuka kuwa ligi ya namba mbili. Upande huu kuna R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, ikitembea na asilimia 75. Upande ule kuna RTS,S ya kampuni ya GSK, kongwe zaidi, ikiburuta asilimia 36. Anayezikuta namba hizo kwenye habari moja hachelewi kuhukumu: mpya ina nguvu maradufu, ya zamani ni mkweche, na nchi zilizoanza na ya zamani ziliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hukumu hiyo ni mbovu. Ingekuwa ubishi wa wataalamu tu, tungewaachia wataalamu. Lakini ikishaingia kwenye vichwa vya wazazi na wapanga bajeti, inawafanya waulize jina la chanjo badala ya kuulizia kitu kizito zaidi, yaani dozi ya nne, ile inayotolewa mtoto akiwa ameshaanza kukimbia uani na mama yake ameshaacha kwenda kliniki kila mwezi.

Tuzifungue namba zenyewe. Ile 75 ilitoka kwenye jaribio la awamu ya tatu la R21 lililochapishwa kwenye jarida la The Lancet Februari 2024. Waliochomwa dozi ya kwanza walikuwa watoto zaidi ya 4,800, wa umri wa miezi 5 hadi 36, katika vituo vitano: Nanoro na Dandé nchini Burkina Faso, Bougouni nchini Mali, Kilifi nchini Kenya na Bagamoyo nchini Tanzania. Kati ya kila watoto watatu, wawili walipata R21 na mmoja alipata chanjo ya kichaa cha mbwa, ili asiondoke mikono mitupu na ili mzazi asijue mwanawe yuko kundi gani. Katika miezi 12 baada ya dozi ya tatu, ufanisi, yaani kiasi ambacho malaria ilipungua kwa waliopata R21 ukiwalinganisha na wenzao, ulikuwa asilimia 75 kwenye vituo vya malaria ya msimu, Nanoro na Bougouni. Kwenye vituo vitatu vilivyobaki, ambako watoto walichanjwa kwa kufuata umri bila kungoja msimu, ulikuwa asilimia 68.

Kwa maneno mengine, hata ndani ya jaribio lenyewe, 75 haikuwa namba ya pwani yetu. Bagamoyo na Kilifi zimo kwenye 68. Habari ilipovuka kutoka kwenye jarida kuja kwenye simu zetu, 68 ilidondoka njiani na hakuna aliyerudi kuiokota.

Ile 36 ina ukoo mwingine kabisa. Jaribio la RTS,S lilianza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba. Kwa Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe, kwa Kenya Kilifi, Kombewa na Siaya. Matokeo ya mwisho, yaliyotoka mwaka 2015, yalionyesha kwamba watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walipungukiwa matukio ya malaria kwa asilimia 36.3, wakiwa wamefuatiliwa kwa takriban miezi 48. Hiyo ni miaka minne. Anayeiweka namba hiyo kando ya namba ya miezi 12 analinganisha tairi lililokaguliwa baada ya kilomita elfu kumi na lililokaguliwa baada ya elfu arobaini. Matokeo ya awali ya jaribio hilohilo la RTS,S, yaliyochapishwa mwaka 2011 kwa watoto 6,000 wa mwanzo, yalionyesha ufanisi wa asilimia 50 katika miezi 14 tangu dozi ya kwanza. WHO ilipoipendekeza R21 ilisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa moja inaizidi nyingine, maana hazikuwa zimeshindanishwa ndani ya jaribio moja.

Kwa nini muda unabadilisha namba kiasi hicho? Jibu liko kwenye dakika chache za mwanzo baada ya mbu kuuma.

Mbu jike wa anofelesi anapochoma ngozi hutema vimelea vichache mno, makumi tu, vyembamba kama sindano. Vinaitwa sporozoiti. Vinapenya hadi kwenye mshipa na kukimbilia ini, safari ambayo kwa baadhi huisha ndani ya saa moja au chache. Kimelea kimoja kikijificha ndani ya seli ya ini, baada ya siku sita au saba seli hiyo hupasuka na kumwaga makumi ya maelfu ya vimelea vya umbo jingine, ambavyo huvamia seli nyekundu za damu na kuzipasua kila baada ya saa 48. Homa, kutapika na degedege vyote ni vya hatua hii ya damu.

R21 na RTS,S zote zinalenga sporozoiti tu. Zinaufundisha mwili kuitambua protini inayofunika kimelea hicho, iitwayo CSP, hasa kipande chake chenye mfuatano unaojirudiarudia kama shanga za rangi moja. Zote mbili hutengenezwa kwa seli za hamira, na zote zimebeba ndani yake protini ya kirusi cha homa ya ini B, inayosaidia kuzifunga hizo shanga kuwa chembe ambayo mwili hauwezi kuipuuza. R21 ina shanga nyingi zaidi na kiunzi kidogo. Hapo ndipo ilipoboreshwa. Vichocheo vya kinga vinavyochanganywa nazo, Matrix-M kwa R21 na AS01 kwa RTS,S, vyote vina kiambato kitokanacho na ganda la mti mmoja wa Chile uitwao Quillaja. Hizi ni ndugu wa tumbo moja, si simba na swala.

Sasa angalia mtego uliopo. Kirusi cha surua huchukua siku kadhaa kabla ya kumwangusha mtoto, hivyo kumbukumbu ya kinga hupata muda wa kuamka na kutengeneza kingamwili upya. Sporozoiti haitoi muda huo. Kingamwili ziwe tayari damuni, kwa wingi, wakati mbu bado yuko mguuni. Zikiwa chache, kimelea kimoja kikapita, kazi ya chanjo imeishia hapo, kwa sababu kikishafika kwenye damu hakina tena lile vazi ambalo mwili ulifundishwa kulitambua. Kingamwili hizi hufika kilele karibu mwezi mmoja baada ya dozi ya tatu, hushuka kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha hupungua taratibu. Dozi ya nne huzipandisha tena.

Hapo ndipo 75 inapotofautiana na 68. Nanoro ina msimu mmoja wa mvua, na malaria hulundikana katika miezi michache. Ukimaliza dozi ya tatu kabla mvua hazijashika, kilele cha kingamwili kinakutana uso kwa uso na kilele cha mbu. Kingamwili zikishuka baadaye, ukame umeshaingia na wa kuuma wamepungua. Bagamoyo ina masika na ina vuli. Mtoto anatimiza umri wa chanjo mwezi wowote, na mbu hawaangalii tarehe ya kuzaliwa. Chanjo ni ileile, kalenda ndiyo tofauti.

Kama bado kuna anayeshuku kwamba kalenda ina nguvu hivyo, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka Burkina Faso na Mali. Watoto walipewa RTS,S, huo unaoitwa mkweche, muda mfupi kabla ya kila msimu kwa miaka mitatu, pamoja na dawa kinga za msimu ambazo watoto wa ukanda wa Sahel humeza kila mwezi wa mvua. Wakilinganishwa na wenzao waliopata dawa hizo peke yake, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 62.8, kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 70.5, na vifo vya malaria kwa asilimia 72.9. Chanjo ya zamani ilipopangwa vizuri ilisogea jirani na namba za chanjo mpya.

Jambo jingine linalosahaulika: asilimia hizi hupimwa juu ya kinga nyingine. Watoto wa pande zote mbili za majaribio walilala kwenye vyandarua vyenye dawa, na wale wa vituo vya msimu katika jaribio la R21 walipata pia dawa kinga. Mtu akisikia 75 akavua chandarua, hiyo 75 haimhusu tena.

Kuna na suala la kinachohesabiwa. Majaribio haya huita "tukio la malaria" pale mtoto anapokuwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila mikrolita ya damu. Kisha mtafiti anaamua ahesabu tukio la kwanza la kila mtoto au matukio yote. Jaribio la R21 lilitangaza kwa kutumia la kwanza; ile 36.3 ya RTS,S ni ya matukio yote. Chukua mfano wa kubuni. Watoto kumi wasiochanjwa wanaugua mwaka huo, kila mmoja mara nne: matukio 40. Watoto kumi waliochanjwa nao wote wanaugua, ila kila mmoja mara mbili: matukio 20. Ukiuliza ni wangapi waliougua, chanjo haijafanya kitu, kumi kwa kumi. Ukiuliza waliugua mara ngapi, imekata nusu. Mama aliyekesha hospitali mara mbili badala ya mara nne anajua tofauti hiyo bila kuelezwa.

Ndiyo maana mimi huiamini zaidi hesabu ya matukio yaliyoepushwa kuliko asilimia. Katika jaribio la RTS,S, kila watoto 1,000 waliopata dozi nne waliepushiwa matukio 1,774 katika kipindi chote cha ufuatiliaji. Watoto elfu moja, matukio karibu elfu mbili. Inawezekana kwa sababu mtoto wa eneo lenye malaria nyingi haugui mara moja. Na tofauti kati ya vituo ilikuwa kubwa ajabu: kituo cha chini kabisa kilikuwa na matukio 205, cha juu kabisa 6,565. Palipo na mbu wengi zaidi asilimia ya ufanisi huwa inashuka, maana kila mng'ato ni jaribio jingine la kupenya. Hata hivyo ni hapohapo chanjo inapookoa watoto wengi zaidi. Mpanga bajeti atakayechagua wilaya kwa kufuata asilimia kubwa atapeleka chanjo mahali pasipoihitaji sana.

Sasa tufike kwenye dozi ya nne, na hapa tukae kidogo.

Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ufuatiliaji wa miaka saba uliofanyika Kilifi, mwandishi wake wa kwanza akiwa Dk. Ally Olotu, ambaye baadaye alishiriki jaribio la R21 akiwa Taasisi ya Afya Ifakara, Bagamoyo. Watoto 447 walikuwa wamepata dozi tatu za RTS,S, au chanjo ya kulinganishia, na hapakuwa na dozi ya nne. Kwa miaka saba yote, ufanisi ulikuwa asilimia 4.4, yaani kitakwimu huwezi kuutofautisha na sifuri. Na katika mwaka wa tano, kwa watoto walioishi mahali penye mbu wengi kuliko wastani, namba iligeuka hasi: asilimia 43.5 chini ya sifuri. Waliochanjwa waliugua zaidi ya wasiochanjwa.

Wapinga chanjo waliipenda sana namba hiyo, na watetezi wengi waliificha. Wote walikosea. Chanjo haikuwapa watoto wale ugonjwa. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara bila kufa hujijengea kinga ya kienyeji, pole pole, dhidi ya vimelea vya kwenye damu. Aliyekingwa miaka miwili ya mwanzo hakuyapata mafunzo hayo. Kinga ya chanjo ilipokwisha, alijikuta amesimama pale alipokuwa mwenzake miaka miwili nyuma. Ni deni linalolipwa baadaye. Swali la maana ni kama kulilipa ukiwa na miaka mitano ni nafuu kuliko kulilipa ukiwa na mwaka mmoja. Kwa malaria jibu ni ndiyo, bila kusita. Mwili wa mwaka mmoja huishiwa damu haraka, na ubongo wake huvamiwa haraka. Kwa mwaka 2023 WHO ilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani, na katika Afrika watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa takriban robo tatu ya waliokufa.

Lakini deni hilo lina sura nyingine, na hii ndiyo iliyopaswa kuwa kichwa cha habari cha mwaka 2015. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakifuatiliwa hadi mwisho wa jaribio, waliopata dozi nne walipungukiwa malaria kali kwa asilimia 32.2. Waliopata tatu tu: asilimia 1.1. Soma tena. Malaria kali ndiyo ile ya kuongezewa damu, ya kupoteza fahamu, ya kitanda cha hospitali ya wilaya. Dozi tatu ziliipunguza mwanzoni, kisha zikairudisha karibu yote kadiri miezi ilivyokwenda. Kwa malaria ya kawaida pengo lilikuwa dogo, 36.3 kwa 28.3, na mtu anaweza kujidanganya kwamba dozi ya nne ni nyongeza ya hiari, kama tui la pili. Kwa malaria kali ni tofauti ya kitu na bure.

Atatokea wa kupinga, na ana hoja. Tangu Aprili 2019 Malawi na Ghana, na tangu Septemba mwaka huohuo Kenya kuanzia Homa Bay, zilitoa RTS,S kupitia kliniki za kawaida, maeneo mengine yakisubiri ili yalinganishwe. Baada ya miezi 46, vifo vya watoto waliofikia umri wa chanjo, vya sababu zote isipokuwa ajali, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 22. Wasiwasi uliotokana na jaribio la mwanzo, wa homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo na vifo vya watoto wa kike, haukuthibitika. Na wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata dozi ya nne. Sasa kelele za nini?

Kwanza, hiyo 13 ni kubwa kuliko inavyosikika. Imehesabiwa kwa watoto wote wa eneo, waliochanjwa na wasiochanjwa, na kwa vifo vyote, vikiwemo vya nimonia na kuhara. Kwa chanjo ya ugonjwa mmoja kushusha jumla kwa kiasi hicho, maana yake malaria ilikuwa inaua hata pale ambapo cheti kiliandika jina jingine. Pili, sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika mwaka wa pili wa uhai, muda ambao dozi tatu bado zina makali. Dozi tatu zikitolewa kwa wakati zinamvusha mtoto mwaka huo. Ya nne inamvusha unaofuata. Hizi ni kazi mbili, na kuifanya ya kwanza vizuri si sababu ya kuiacha ya pili.

Kwa nini basi ya nne ndiyo inayopotea? Itazame kadi ya kliniki. Kenya ilianza na miezi 6, 7, 9 na 24. Mwezi wa 9 una surua, kwa hiyo mama yupo. Mwezi wa 24 hauna sindano nyingine. Safari nzima ni kwa ajili ya dozi moja, nauli, foleni na siku ya kazi iliyopotea. Ghana ililiona hilo ikahamisha dozi ya nne kutoka miezi 24 kwenda 18, ambako kuna chanjo ya pili ya surua na rubela. Uganda, iliyozindua R21 tarehe 2 Aprili 2025 huko Apac kwa wilaya 105, ilianza moja kwa moja na 6, 7, 8 na 18. Ni uamuzi mzuri. Una gharama yake pia: mwezi wa 7 na wa 8 hauna chanjo nyingine, na ikitokea mama akafika siku ambayo chanjo imeisha, akaambiwa arudi wiki ijayo, mfuatano unaanza kukatika mapema.

Mtoto aliyechelewa harudishwi mwanzo. Anaendelea pale alipoishia, mradi wiki nne zimepita tangu dozi iliyotangulia. Akihama kutoka mahali penye chanjo moja kwenda penye nyingine, anamaliziwa na iliyopo. Haya yamo kwenye mwongozo wa WHO, lakini mama anayefukuzwa kwa sababu "muda umepita" hajasoma mwongozo.

Kuna na yale ya meza ya chanjo. RTS,S huja kwa chupa mbili, moja ya unga na moja ya kimiminika chenye AS01. Kimiminika hicho ndicho kinachoyeyusha unga, na ndicho kichocheo chenyewe. Mhudumu akichukua maji ya kuyeyushia chanjo ya surua, sindano itaonekana sawa kwa macho na mtoto atalia kama kawaida, ila atakuwa amechomwa chanjo bila kichocheo. Ikishachanganywa ina saa sita, basi. R21 huja tayari imechanganywa, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, inapoizidi RTS,S waziwazi kuliko kwenye asilimia: inapunguza nafasi ya kukosea, na bei yake ya kuanzia ilikuwa chini ya dola 4 kwa dozi wakati RTS,S ilikuwa zaidi ya euro 9. Bei ya R21 imepangwa kushuka hadi dola 2.99, GSK na mshirika wake wa India wameahidi RTS,S ya chini ya dola 5 ifikapo 2028.

Zote mbili hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na adui asiyetajwa sana si joto bali ni kuganda. Siku ya mkoba, yaani siku ya kupeleka chanjo vijijini, mhudumu akitoa vipande vya barafu kwenye jokofu la kugandishia na kuvipanga moja kwa moja kuzunguka chupa, zile zinazogusa barafu zinaweza kuganda kabla hajafika kijijini. Vipande viachwe nje mpaka ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani. Na lile jaribio la kutikisa chupa ili kutambua iliyoganda, ambalo wauguzi wamelizoea kwa pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano, halifai hapa. Linategemea chumvi ya alumini inayotuama haraka ikishaganda, na chanjo hizi za malaria hazina alumini. Ikiwa kuna shaka kwamba chupa imeganda, ni ya kutupa.

Ripoti nazo zinasaidia kuficha tatizo. "Watoto waliofikiwa" karibu kila mara ni waliopata dozi ya kwanza. Nikipewa safu moja tu ya kuongeza kwenye taarifa ya mwaka ya kila wilaya, ningeandika: kati ya watoto waliopata dozi ya kwanza mwezi fulani, wangapi walipata ya nne mwaka mmoja baadaye? Lazima wawe watoto walewale. Ukigawa dozi za nne za mwezi huu kwa dozi za kwanza za mwezi huuhuu, wilaya iliyoanza juzi itaonekana imeshindwa kabisa wakati hakuna mtoto wake aliyefikisha miezi 18, na wilaya iliyoishiwa chanjo za kuanzia itaonekana shujaa kwa sababu kigawanyo kimepungua.

Yapo mengine yanayopunguza makali ya chanjo hizi, na nayapitia haraka. CSP iliyomo imenakiliwa kutoka kwa aina moja ya kimelea cha maabara. Uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, RTS,S ilikuwa na ufanisi wa asilimia 50.3 katika mwaka mmoja dhidi ya vimelea vinavyofanana na nakala hiyo, na 33.4 dhidi ya visivyofanana, na visivyofanana ndivyo vingi mashambani. Wakati huohuo dawa zenyewe zinaanza kuguswa: mabadiliko ya kinasaba yaitwayo R561H, yanayovifanya vimelea vichelewe kufa kwa artemisinini, kiini cha dawa mseto, yamethibitishwa Rwanda na kisha upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera. Kila homa iliyozuiwa na chanjo ni dozi moja ya dawa mseto ambayo kimelea hakikupata nafasi ya kuizoea.

Na chanjo ya hatua ya damu inakuja, RH5.1, ambayo inaweza kukamata kile ambacho R21 imekikosa. Mwishoni mwa 2024 namba yake ilianza kuzunguka: asilimia 55. Hiyo ilipatikana kwa ratiba iliyochelewesha dozi ya tatu. Ratiba ya kila mwezi ilitoa 40. Watoto walikuwa mia tatu na kitu, ufuatiliaji ulikuwa wa miezi sita, na mahali palikuwa Nanoro. Bagamoyo hunyesha mara mbili kwa mwaka.